Bunduki ya Bei Nafuu kwa Ajili ya Koyote: Ya Kuzingatia Kabla ya Kutoa Fedha

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wafugaji na wakulima wazungumzao Kiswahili nchini Marekani

  Maswali mliyoyaandika kwenye vikaratasi pale mlangoni ndiyo yaliyonipangia mazungumzo haya. Karibu yote yana sura moja: koyote anatumalizia mbuzi na kuku, ni bunduki gani itatosha, na kwa bei gani?

Kwa waliofika nchini hivi karibuni, koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa, mkubwa kidogo kuliko bweha tuliowazoea Afrika Mashariki. Katika majimbo ya magharibi uzito wake ni kati ya kilo 9 na 16 hivi. Kaskazini mashariki, ambako damu yake imechanganyika na ya mbwamwitu, wapo wanaofikia kilo 20. Leo anapatikana katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii, na hata pembezoni mwa miji mikubwa hajifichi sana. Katika majimbo mengi msimu wa kumwinda haufungwi mwaka mzima. Taarifa hiyo imewafanya watu wengi wadhani kwamba hakuna sheria yoyote inayomhusu, na dhana hiyo imewaletea hasara. Nitaifikia.

Idara yetu kazi yake ni kumlinda mnunuzi. Hatuuzi bunduki, hatupendekezi chapa, wala hatumzuii mtu kununua kile alichoruhusiwa kisheria. Kwa hiyo nianze na swali ambalo muuzaji hana sababu ya kukuuliza: je, unahitaji bunduki sasa, au unahitaji uzio? Koyote hutembea zaidi jioni, usiku na alfajiri. Mbuzi waliofungiwa ndani ya zizi imara usiku wamekwisha kuepushwa na sehemu kubwa ya hatari. Uzio wa umeme, mbwa wa kulinda mifugo kama Great Pyrenees, na mizoga kuzikwa badala ya kutupwa nyuma ya banda, haya hufanya kazi hata wewe ukiwa umelala. Wapo pia wafugaji wa hapa wanaoweka punda katikati ya kundi la mbuzi, kwa kuwa punda humchukia mbwa na humfukuza kwa mateke. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina kitengo kiitwacho Wildlife Services ambacho hutoa ushauri kwa mfugaji aliyeshambuliwa. Na kumbukeni jambo hili: ukimuua koyote mmoja, eneo lake halibaki tupu, mwingine kijana huja kulichukua. Bunduki humwondoa yule mmoja aliyezoea kula kwako. Haifanyi kazi ya uzio.

Tuseme basi uzio upo, mbwa yupo, na bado kuna koyote mmoja mkaidi. Sasa tuzungumze fedha.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuichukua bei iliyoandikwa kwenye bunduki kana kwamba ndiyo gharama yake. Chukua mfano wa mtu mwenye dola 700 mfukoni. Akinunua bunduki ya dola 650, anabaki na dola 50, ambazo zitampatia masanduku mawili ya risasi na hakuna darubini. Ataifunga darubini yoyote atakayoipata, atapiga risasi tano za majaribio ili asizimalize, na ataingia porini na chombo asichokijua. Mwenzake mwenye dola hizo hizo akanunua bunduki ya dola 420, darubini na vishikizio vyake kwa 130, risasi za 80, kinga ya masikio ya 20 na kufuli na kasha la 50. Jumla ni ile ile 700, lakini huyu wa pili anaweza kulenga. Bunduki za bei ya chini zinazotengenezwa siku hizi na viwanda vinavyojulikana hupiga vizuri kuliko wengi wetu tunavyoweza kulenga; nyingi hukusanya risasi tatu ndani ya inchi moja na nusu hivi kwa umbali wa yadi 100. Moyo na mapafu ya koyote vinaenea katika eneo la ukubwa wa kiganja cha mkono. Kwa hiyo dola za ziada unazozitoa ili upate mbao nzuri ya kitako au mtutu unaong'aa hazikupi nyama wala hazikuokolei mbuzi.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Katika habari hii, kinachovunja upishi mara nyingi ni darubini. Maduka huuza bunduki ikiwa tayari imefungwa darubini kwa bei ya pamoja, na si vibaya kuinunua hivyo, mradi uombe skrubu za vishikizio zikazwe mbele yako kwa kifaa chenye kipimo, kisha uijaribu uwanjani. Darubini ambayo alama yake inahama kila bunduki inapopigwa itakumalizia risasi za thamani kubwa kuliko bei yake yenyewe. Darubini ya nguvu isiyobadilika, au ya kukuza mara 3 hadi 9, inatosha kabisa. Namba kubwa za kukuza ni za kuuzia tu, isipokuwa kwa wanaopiga mbali sana.

Kabla sijafika kwenye kaliba, naomba tusimame kidogo kwenye karatasi, kwa maana hapa ndipo mtu anapoweza kupoteza zaidi ya fedha. Duka lolote lenye leseni ya serikali kuu litakupa fomu iitwayo 4473, na baada ya kuijaza jina lako litaangaliwa katika mfumo wa ukaguzi ulioanza kutumika mwaka 1998. Kwa bunduki ndefu dukani, umri wa chini kwa sheria ya serikali kuu ni miaka 18. Majimbo mengine yameupandisha. Fomu inauliza uraia wako, na asiye raia huandika nambari yake ya uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kununua. Mkimbizi aliyepokewa rasmi hakuingia kwa viza ya muda, kwa hiyo kifungu kinachowazuia wenye viza hizo hakimgusi. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya utalii, amezuiwa, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha iliyotajwa katika sheria. Leseni halali ya uwindaji ya jimbo ni mmojawapo. Asiye na kibali cha kuwapo nchini amekatazwa kushika bunduki, na amekatazwa hata risasi. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la kumpiga mwenzi wake wa ndoa, hata kama lilihesabiwa kuwa dogo, naye amekatazwa. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, na ruhusa ya jimbo lako haibadilishi swali hilo.

Sasa sikilizeni hapa, hasa vijana. Katika nyumba zetu ni desturi mtoto anayejua Kiingereza kumfanyia mzee shughuli zote za dukani: kujaza fomu, kuweka sahihi, kulipa kwa kadi yake, halafu baba anamrudishia fedha nyumbani. Kwa simu na kwa gari pengine hakuna aliyedhurika. Kwa bunduki, kumnunulia mtu mwingine kwa fedha zake huku ukiandika kwamba mnunuzi ni wewe ni kosa la jinai, na tangu mwaka 2022 sheria ya serikali kuu imeweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 15 kwa anayemnunulia mtu aliyekatazwa kuwa na bunduki. Kwa asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumfanya aondolewe nchini, hata akiwa na kadi ya kijani na watoto waliozaliwa hapa. Mzee asiyejua kusoma au kuandika hajafungiwa mlango. Fomu yenyewe inaruhusu mtu mwingine, asiye muuzaji, kumjazia majibu. Mzee anaweka sahihi yake mwenyewe, na watu wawili, wasiokuwa muuzaji, wanatia sahihi kama mashahidi. Zawadi ya kweli, uliyoinunua kwa fedha zako na kumpa mtu anayeruhusiwa kuwa na bunduki, ni jambo jingine na sheria ya serikali kuu hailikatazi. Mwenye shaka yoyote kuhusu hali yake ya uhamiaji azungumze na wakili kabla hajaingia dukani. Akishatia sahihi amechelewa.

Haya, kaliba. Kwa neno hili tunamaanisha aina ya risasi ambayo bunduki imetengenezewa, ambayo mara nyingi huitwa kwa namba ya kipenyo katika sehemu za inchi. Namba hizo zinachanganya, na kuna sababu: si vipimo halisi, ni majina. Risasi ya .223 Remington na ya .22-250 Remington zote zina kichwa chenye kipenyo kile kile, .224 ya inchi, lakini maganda yao ni tofauti na moja haiingii katika bunduki ya nyingine.

Wengi wenu mmeniandikia kwamba tayari mna bunduki ndogo ya .22 Long Rifle, iliyonunuliwa kwa ajili ya sungura na panya buku. Ni bunduki nzuri ya kujifunzia, na risasi zake ni za bei ndogo kuliko zote. Kwa koyote haitoshi. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu kwa kawaida haifiki joule 200. Koyote aliyepigwa nayo vibaya hukimbia na jeraha, akafa baada ya siku kadhaa kichakani, au asife na akarudi akiwa hawezi kuwinda kitu kingine ila mbuzi wako. Najua wapo watakaosimama na kusema wamemuua koyote kwa .22. Nawaamini. Sijui tu ni wangapi walipigwa na hawakuonekana tena.

Hatua ya juu yake ni .17 HMR na .22 WMR, ambayo wengi huiita magnum. Ya pili ina nguvu ya joule 400 na kidogo, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa mfugaji ambaye koyote humjia nyuma ya banda, ndani ya yadi 80 au 100, na ambaye majirani zake hawako mbali, bunduki ya .22 WMR inaweza kuwa chaguo la busara, kwa sharti kwamba asubiri mnyama asimame na amlenge vizuri. Kelele yake ni ndogo, na bunduki zake nyingi ni za bei nafuu. Zaidi ya yadi hizo, asifyatue.

Baada ya hapo ndipo ilipo .223 Remington, iliyoingia sokoni mwaka 1964, na ndiyo ninayoitaja kwanza mtu anaponiomba jibu la neno moja. Risasi yake ya greini 55 hutoka kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde, ikiwa na nguvu ya joule 1,700 hivi. Bunduki ikiwa imerekebishwa kupiga shabaha sawasawa kwa yadi 100, kwa yadi 200 risasi huwa imeshuka inchi 3 au pungufu, na kwa yadi 300 karibu futi 1; maana yake hadi yadi 200 mtu anaweza kulenga kifuani bila kupiga hesabu. Haimgongi mpigaji begani, kwa hiyo mama au kijana anayejifunza hataiogopa. Lakini sababu yangu kubwa ni ya mnunuzi: ndiyo risasi utakayoikuta kwenye rafu ya karibu kila duka la mashambani, katika aina nyingi na kwa bei shindani. Risasi zinapoadimika, na zimewahi kuadimika, mwenye kaliba isiyo ya kawaida hubaki na fimbo ya chuma.

.22-250 Remington hupiga kwa kasi kubwa zaidi, mita 1,100 kwa sekunde na zaidi, na njia ya risasi yake imenyooka zaidi. Wanaowinda kwenye nyanda tambarare za magharibi, ambako koyote huonekana yadi 300 mbele, wana sababu ya kuipenda. Inakula baruti zaidi, inapasha mtutu joto haraka, na risasi zake ni ghali. Tuseme tofauti ni senti 60 kwa kila risasi, nawe unapiga 200 kwa mwaka ukihesabu mazoezi: hizo ni dola 120 kila mwaka, na kwa miaka minne umelipa bei ya bunduki nyingine. Kwa .204 Ruger ya mwaka 2004 ningesema maneno yale yale, na kuongeza kwamba katika maduka madogo mara nyingi hutaikuta.

Iliyobaki ni .243 Winchester, ya mwaka 1955. Hii inamfaa mtu anayetaka bunduki moja tu nyumbani, ya koyote na ya kulungu pia. Majimbo mengi yanaikubali kwa kulungu, ilhali baadhi yao hayaikubali .223 kwa kazi hiyo. Kishindo chake ni kikubwa kuliko cha .223 lakini kinavumilika, na kwa risasi nyepesi inamwangusha koyote bila tatizo. Kama nyama ya kulungu itaingia katika hesabu ya chakula cha familia yako, bei yake ya juu kidogo ina maelezo. Kaliba kubwa kuliko hiyo, kama .308, zinaua koyote, bila shaka. Ni kulipia nguvu usiyoihitaji na kuipeleka risasi mbali usikokuona.

Kwa wanaotegemea kuuza ngozi ili kurudisha gharama, naomba msiweke fedha hizo katika bajeti. Kwa miaka mingi manyoya ya koyote yalinunuliwa kwa wingi kwa ajili ya kofia za makoti ya baridi. Mwaka 2021 kampuni ya Canada Goose, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilitangaza kwamba itaacha kutumia manyoya. Soko halikurudi kuwa lile.

Kuna majina ya risasi yanayofanana ambayo yanaweza kukuumiza, na muuzaji mwenye haraka anaweza asikuambie. Risasi ya kijeshi ya 5.56 inafanana kwa umbo na .223, lakini hupigwa kwa shinikizo kubwa zaidi: bunduki iliyoandikwa 5.56 inapokea zote mbili, iliyoandikwa .223 Remington peke yake isitiwe 5.56. Ile iitwayo 300 Blackout ilitengenezwa kutokana na ganda lile lile, na inaweza kuingia katika chemba ya .223 ilhali kichwa chake ni kinene kuliko mtutu. Ikipigwa, bunduki inaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Na .22 Long Rifle isitiwe katika bunduki ya .22 WMR, ingawa inaingia. Jina sahihi la risasi limechongwa kwenye mtutu. Lisomeni hapo, mlilinganishe na lililopigwa chapa kwenye kitako cha ganda. Msisome kwenye sanduku peke yake, kwa kuwa watu huchanganya risasi masandukuni.

Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyojipinda kama nyuzi za skrubu. Ikiandikwa 1:9, risasi inajizungusha mara moja katika kila inchi 9. Kwa .223, kipimo hicho au 1:8 kinakubali risasi nyingi za dukani. 1:12 ya bunduki za zamani inapenda zile nyepesi, greini 55 kushuka chini. Hayo yanatosha kwa leo.

Kuhusu umbo la bunduki, ile ya komeo la kuvuta kwa mkono ndiyo rahisi kuifahamu, rahisi kuisafisha, na ndiyo ambayo kwa bei ndogo unapata usahihi mkubwa. Zile zinazojipakia zenyewe hutumiwa na wawindaji wengi wa koyote kwa sababu ya risasi ya pili ya haraka, na siku hizi bei zake zimeshuka. Lakini majimbo kadhaa, California na New York yakiwamo, yamezipiga marufuku aina nyingi za bunduki hizo, na watu wetu huhama jimbo mara kwa mara kufuata kazi na ndugu. Sioni faida ya mkulima mgeni kununua chombo ambacho kitageuka kosa siku atakapovuka mpaka wa jimbo. Wanaoishi karibu sana na majirani wasiisahau bunduki ya marisau, ambayo ndani ya yadi 40 inafanya kazi hii na marisau yake hayaendi mbali kama risasi.

Bunduki iliyotumika inaweza kuokoa fedha nyingi, maana chuma kizuri hakizeeki upesi. Angalia ndani ya mtutu kwa tochi, ikiwa tupu na komeo limetolewa. Kutu na vishimo huonekana. Tazama nyufa pale kitako kinapokutana na chuma. Lipa fundi wa bunduki aikague kabla hujaitumia. Uliza kama duka linaiuza jinsi ilivyo bila dhamana, na uombe jibu kwa maandishi. Maduka mengi hayarudishi bunduki baada ya mnunuzi kutoka nayo mlangoni. Anayekuuzia kwa mtandao ni lazima aipeleke kwa duka lenye leseni karibu nawe kama yuko jimbo jingine. Anayeahidi kuituma moja kwa moja nyumbani kwako, au anayetaka alipwe kwa kadi za zawadi, ni tapeli.

Na sasa jambo ambalo hushangaza karibu kila ninayemweleza. Tume ya serikali kuu inayosimamia usalama wa bidhaa, ile inayoweza kuagiza vitanda vya watoto na vyombo vya umeme viondolewe sokoni, haina mamlaka juu ya bunduki wala risasi. Sheria ya mwaka 1972 iliyoiunda iliziweka bunduki nje ya mamlaka yake. Bunduki yenye kasoro hurudishwa kiwandani pale tu mtengenezaji mwenyewe anapoamua kutangaza. Mfano uko wazi: mwaka 2014 kampuni ya Remington ilizirudisha bunduki za Model 700 na Model Seven zilizokuwa na kifyatulio kiitwacho X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa kuwa zingeweza kulipuka bila kuguswa kifyatulio. Bunduki kama hizo bado zinazunguka katika masoko ya vilivyotumika, na hakuna anayelazimika kumgongea mnunuzi mpya mlango kumwambia. Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua jina la muundo na nambari ya bunduki, uvitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya matangazo ya usalama. Ukinunua mpya, jaza kadi ya usajili ya mtengenezaji ili tangazo likitoka likufikie.

Nilisema kwamba msimu usiofungwa haumaanishi hakuna sheria. Majimbo mengi yanadai leseni, na mengi yanadai kozi ya usalama wa uwindaji kwanza; Texas, kwa mfano, inaidai kwa waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada yake. California tangu Julai 2019 hairuhusu risasi za risasi ya madini, yaani zenye lead, kwa uwindaji wowote, na risasi za shaba ni ghali zaidi, kwa hiyo bajeti inabadilika. Kuna sheria za taa na za usiku, na miji mingi imekataza kufyatua bunduki ndani ya mipaka yake. Massachusetts hairuhusu kuwinda ndani ya futi 500 za nyumba inayokaliwa bila ruhusa. Maine ni futi 300. Na usimfyatulie mnyama ambaye hujamtambua. Mbwamwitu wanalindwa na sheria ya serikali kuu katika sehemu kubwa ya nchi. Mashariki mwa North Carolina wapo mbwamwitu wekundu wachache waliobaki porini, na kwa mbali mmoja wao anafanana sana na koyote. Mbwa wa jirani naye anafanana, hasa magharibi jua likiwa linazama.

Nyuma ya mnyama pawe na tuta au kilima. Hata ile .22 ndogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 isipokutana na kitu. Ndiyo maana kwa koyote tunashauri risasi zenye kichwa laini au cha plastiki, ambazo huvunjika zinapogonga. Zile zilizofunikwa shaba kote ni nafuu na zinafaa kwa mazoezi, lakini hudunda kwenye mawe na hupita ndani ya mnyama bila kumwangusha.

Nyumbani, bunduki ikae imefungwa, tupu, na risasi mahali pengine palipofungwa. Nyumba zetu zina watoto wengi na wageni wengi, na mtoto wa miaka mitano anajua ufunguo unakaa wapi. Mpango wa Project ChildSafe hugawa kufuli za waya bila malipo kupitia vituo vingi vya polisi, nendeni mkaulize.

Mwisho wa ununuzi ombeni risiti yenye nambari ya bunduki, chapa, kaliba na jina la duka, muipige picha na kuituma kwa mtu mmoja wa familia mnayemwamini. Ikiibiwa, polisi wataiomba nambari hiyo kwanza. Ikitokea mgogoro na duka, malalamiko hupelekwa kwenye ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha watumiaji, na risiti hiyo ndiyo watakayotaka kuiona. Fomu za malalamiko zipo mezani pale nyuma, pamoja na orodha ya kozi za usalama za mwezi ujao. Sasa niko tayari kwa maswali; tuanze na wazee.